Jumba la Mfalme Halina Mabati

Wangechi uko? Nthiwa anazunguka tangi la maji kama kuku anayetaka kutaga. Huyu mume wangu!

Leo alikuwa anamtafsiria yule mama mgeni wa Scotland hapa kanisani Nunguni. Mama akatuonyesha picha za mji wao wa wafalme. Kilima, mto, kaburi la mfalme, halafu jumba la mfalme lenyewe. Kuta tupu! Juu ni mawingu!

Mzee Mutunga akasimama. "Muulize, huyo mfalme hakuwa na vijana? Boma limeachwaje bila mabati?"

Aki Nthiwa akaogopa. Akamwambia mgeni eti mzee anasifu mawe. ANASIFU MAWE! Mgeni akatabasamu, akashukuru.

Mzee akawaka. "Ananishukuru nini? Nimeuliza vijana wako wapi!" Akanyoosha bakora kwa mabati ya kanisa letu, halafu kwa picha.

Ikabidi Nthiwa atafsiri ukweli, macho kwa viatu. Mama akasema jumba wameliacha hivyo makusudi, watu wanakuja kuliona. Lakini vijana kweli walienda. Kanisani kwake wamebaki wazee tisa.

Mzee akasema polepole, "Mwambie tutakuja tuwaezekee."

Hiyo Nthiwa alitafsiri neno kwa neno, weh!

Mama akafuta macho, akauliza, "Mtakuja lini?"

Wangechi, hilo swali Nthiwa hajamwambia mzee mpaka saa hii. Na mgeni ako hapa kwangu anakunywa chai, na mzee Mutunga ndiye huyo anafungua geti.