Jina Chini ya Tembo

Mamboya, 14 Juni 1992

Marselina, jina lililo chini ya tembo wako si lako! Rafaeli karudi kutoka Mikumi na lori la mahindi. Leo baada ya ibada kasimama mlangoni mwa kanisa, watu wote wanasikia: "Mama Marselina, ukuta wa hoteli nimeuona, ila umeandikwa NIKOLAUS." Na mimi nimeshatangaza mpaka Berega kwamba mwanangu ndiye mchoraji! Nikamjibu, "Hukusoma vizuri, rudi shule."

Haya, u mzima? Sisi wazima, mgongo tu. Nieleze.

Mama yako

Mikumi, 2 Julai 1992

Shikamoo mama. Pole na mgongo. Mimi mzima, ila mafua ya vumbi.

Ni kweli. Tenda ni ya Nikolaus, basi anaandika jina lake. Nilipomuuliza alicheka: "Msanii ni mwanamume, dada. Wewe una mkono mzuri tu, kama wa vyungu vya mama yako." Ana kitabu kikubwa cha historia ya sanaa, akanifunulia. Wachoraji wote wanaume. Wanawake wamo, ila ndio wanaochorwa, na nguo hawana.

Nimebakiza tembo mmoja. Usinigombeze. Nikidai jina, kazi sina.

Mwanao Marselina

Mamboya, 19 Julai 1992

Marahaba. Mgongo nimeusahau kwa hasira.

Kumbe kuvua nguo tunajua, kushika brashi hatujui! Huyo Nikolaus uji wake wa utotoni ulipikwa kwenye nini, kwenye kofia ya baba yake? Huku mwanamume hasogelei vyungu vinapochomwa, vitapasuka. Kitabuni ndimo alimojaa yeye peke yake. Mwaka juzi bwana mmoja mwenye suti alichukua chungu changu, akakiweka makumbusho ya mjini, ndani ya kabati la kioo. Binamu yako Imani kakiona, kimeandikwa: "Mfinyanzi hajulikani." Hajulikani! Na mihogo yangu bwana yule alikula, na chai akaongezwa!

Mjomba wako Samwel anasema ukidai jina utaaibisha ukoo. Nimemuuliza ukoo umetoka tumboni mwa nani.

Weka brashi chini. Tembo wa mwisho amalizie msanii.

Mama yako

Mikumi, 23 Agosti 1992

Shikamoo mama. Niliiweka. Nikolaus akamaliza tembo mwenyewe, na wapita njia wanauliza yule nguruwe kapata wapi mkonga. Mama Bibiana, mwenye hoteli, kamtazama yule mnyama, kamgeukia Nikolaus: "Na hawa wengine alichora nani?" Akaniita mimi, akanirudishia brashi.

Sasa namchora upya, na siku ya ufunguzi wa hoteli, tarehe 12 Septemba, nitaandika jina langu mbele ya wageni. Lakini jina gani, mama? La marehemu baba? Mume wangu Deo anataka lake.

Mwanao Marselina

Mamboya, 1 Septemba 1992

Marahaba, marahaba, mchoraji wangu! Mzima mimi, nimenenepa kwa majivuno.

Deo lini alishika brashi? Baba yako alikuwa mtu mwema, Mungu amrehemu, lakini hata kuku hakuwahi kumchora. Kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama. Andika jina lako na langu, MARSELINA WA REBEKA, herufi nene, aliye ndani ya basi asome bila kuteremka. Nikolaus mpe brashi aoshe. Ana mkono mzuri tu.

Wafinyanzi wote wanashona sare. Hata mjomba wako anaapa alikuwa upande wetu tangu mwanzo, muongo yule, lakini naye yumo. Mwambie Mama Bibiana aongeze viti, tunakuja wote Jumamosi, tarehe 12 Septemba.

Mama yako