Mashavu Uliyoyasifia

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumai unaendelea vizuri, na goti lako limeacha kukusumbua ukipanda ngazi. Baba mwambie suruali yake iko tayari, imebaki vifungo tu. Habari zangu mimi ni ndefu kidogo, nitakueleza.

Barua yako niliipata. Umeandika kwamba picha yangu umewaonyesha majirani wote, na kwamba mwanao sasa amenawiri, mashavu utadhani kaficha mayai mawili ya kuku. Nilicheka, Mama. Kisha nikalia.

Wiki mbili zilizopita jino la mbele lilinikatika kazini. Unatujua sisi mafundi cherehani, mkasi upo mezani lakini uzi tunaukata kwa meno. Nilikuwa namalizia pindo la gauni la bibi harusi, nikauma uzi, nikasikia ka! Kipande kikadondoka kwenye kitambaa cheupe. Fundi mkuu alinigombeza, akasema mkasi haukuwekwa pale uwe pambo. Wote wakalaumu uzi, nami nikaulaumu pia.

Daktari wa meno hakudanganyika. Alitazama meno ya juu kwa nyuma, akasema uzi haufiki huko. Pamelika kwa asidi inayopanda kutoka tumboni. Akanibonyeza mashavu taratibu, karibu na masikio, akaniambia huo si unene, ni tezi za mate zimevimba. Akamwomba muuguzi atupishe, kisha akaniuliza natapika mara ngapi kwa siku.

Mama, natapika. Sina mimba, usianze kuhesabu miezi. Najitapisha mwenyewe kila nikila, mwaka wa pili sasa. Nilianza pale fundi mkuu aliponichagua niwe wa kujaribishiwa magauni, kwa kuwa yalinikaa bila kupunguzwa. Nikaogopa siku zipu itakapogoma. Nikishatapika nilikuwa nasugua meno kwa nguvu, watu wasisikie harufu, kumbe ndivyo nilivyokuwa nayamaliza. Daktari anasema asidi hulainisha meno, ningesukutua kwa maji tu. Siku hizi mdomo umekauka, hata kumeza mkate ni kazi. Ile likizo niliyokuja, bomba la bafuni ulilonigombeza kwa kuliacha wazi lilikuwa la kuficha sauti. Nisamehe. Naona aibu, na naogopa kweli kweli.

Jino litazibwa. Tezi nazo zitapungua nikiacha, lakini kuacha peke yangu nimejaribu, nimeshindwa. Jumatatu naanza kwenda kwa mshauri. Daktari amesema nahitaji pia mtu wa kukaa nami saa nzima baada ya kula, si kunichunga, ila tupige soga mpaka hamu ya kwenda chooni ipite. Akauliza kama ninaye, amwandike kwenye faili.

Nisalimie wote hapo nyumbani. Baba msomee barua hii wewe mwenyewe, kwa maana mimi sitaweza kumwambia. Chumba changu ni kidogo lakini kitanda kinatutosha wawili. Njoo, Mama. Jina lako nimeshamtajia daktari kabla sijakuomba.

Ni mimi mwanao,
Kitindamimba wako