Kisanduku Nilichokipaka Nyekundu Malakisi

Mwalimu wangu,

Nakuandikia nikiwa nyumbani Tuwan, hapa Kitale, kwenye meza ile uliyokuwa ukiimwagia chai halafu unalaumu mguu wake. Nimekukosea. Wacha niseme mapema, kabla woga haujanishika.

Chati yetu unaikumbuka, ile uliyochora nyuma ya kalenda kuukuu. Kila kisanduku kilikuwa na nambari mbili: bapa, ule uso ulionyooka kama meza, linaukata mkunjo, ule mstari unaopinda hewani, mara ngapi, na mkunjo wenyewe una mashimo mangapi. Miaka yote swali letu lilikuwa hilo tu. Ukipewa hizo nambari mbili, mkunjo wa namna hiyo upo, au haupo? Ukiwepo, bluu. Usipokuwepo, nyekundu. Na sharti lako: hakuna kupaka rangi mpaka mwenzako aifanye hesabu upya, peke yake, wewe huko Bungoma, mimi hapa Kitale. Watu walituona wehu.

Hesabu ya kisanduku cha mwisho ulinitumia mvua zikianza. Ulisema mkunjo haupo. Mimi nilikuwa nimekununia, kwa sababu ulinisahihisha mbele ya wageni, ati nimesahau koni tena kwenye hesabu. Nikaitupa bahasha kwenye droo. Sikujua wewe ni mgonjwa. Hapana, nilijua. Mkeo, Mama Nekesa, alinipigia simu, nikamwambia nitakuja.

Nilikuja kukuzika.

Siku ya tatu baada ya mazishi, siku ya wafiwa kunyolewa nywele, tulikaa uani kwenu Malakisi, kila mtu akisimama kusema anayoyajua juu yako. Mwanao mkubwa akaileta chati, akaniuliza mbele ya wote kama Baba alimaliza kazi yake. Mama Nekesa alikuwa ananitazama, kichwa kimetoka kunyolewa. Nikasema, "Alimaliza. Nimekagua mwenyewe." Nikapaka nyekundu. Wakapiga makofi, Mwalimu. Sijawahi kuona watu wakishangilia mkunjo usiokuwepo.

Bahasha nilikuwa sijaifungua.

Nimeifungua wiki iliyopita. Nimeirudia hesabu mara nne nikiomba mjinga awe mimi. Ukurasa wa sita unasema mkunjo lazima ulale juu ya mojawapo ya nyuso fulani za maumbo, unazitaja moja moja, na koni hukuitaja. Wewe, wa kusahau koni! Mkunjo upo. Unapita palepale kwenye ncha ya koni. Ni mzuri ajabu, na sina wa kumwonyesha.

Kosa lenyewe haliniumi. Sote tunakosea. Ningeifungua bahasha siku ilipofika, ungelirekebisha asubuhi moja tu, ungejicheka mpaka ukohoe. Ulikuwa bado na miezi mitano ya kuishi. Nilikunyima asubuhi hiyo kwa kununa, mtu mzima mimi. Nakulilia, bana, hata nikisahihisha mitihani ya watoto wa watu.

Jumamosi naenda Malakisi. Najua mwanao ameshaliambia kanisa zima, na Mama Nekesa ameitundika chati sebuleni. Nakuahidi sitajificha nyuma ya maneno makubwa ya hesabu. Akinifukuza, ana haki. Nitawaambia ile nyekundu ni uongo wangu, si wako, na kwamba hukukaguliwa kwa sababu mtu wa kukukagua alikuwa mimi.

Pumzika, Mwalimu. Ukiweza, nisamehe.

Nyambura wako