Kitambaa cha Philister

Karanja, sina gari, sina digrii, sina hata nywele. Lakini adabu ninayo, na leo nimedharauliwa sebuleni kwangu.

Ile soundbar, seti ya spika za televisheni, niliyochagua dukani Westlands niliifunga mwenyewe. Kitabu chake nilikisoma chote, kama tulivyozoea shule ya jioni. Spika ndogo nyuma ya viti, ile ndefu chini ya televisheni. Sauti ikatoka kama ya mtu aliyejifunika blanketi!

Nikapigia duka simu, nikawaita wezi. Wakatuma fundi.

Fundi akainua kile kitambaa kizito ambacho mke wangu Philister alikifuma ili spika isishike vumbi. Kwangu kila kitu kina kitambaa, hata sikukiona! Sauti ikajaa nyumba.

Akacheka, akamgeukia Philister. "Mama, ulidhani spika inasikia baridi?"

Inasikia baridi! Mbele ya wageni wa kanisa! Mke wangu akakunja kitambaa chake, akaingia jikoni, hajatoka.

Nikamwambia fundi, "Toka!"

"Pole, guka, ni utani tu."

Guka! Eti babu, kwa Kikuyu! Guka ni wewe, Karanja. Mimi ni Ochola, Mjaluo!

Nimemwandikia mwenye duka: mashine ni nzima, neno wezi nalifuta, lakini fundi arudi amwombe Philister msamaha. Bahasha nimeifunga kwa gundi. Mtu wa bodaboda ameshaondoka nayo.