Vijungu Vilivyooshwa Bwera

Kampala, 3 Februari 2014

Mama mpenzi,

Salamu nyingi. Goti bado linakusumbua? Mimi mwili mzima, moyo ndio mgonjwa.

Vile vijungu vitatu Mzee Blasio alivyovikuta kule Kyarumba akichimba choo, vya mafuta ya kujipaka ya watu wa kale, bado unavyo? Ninavihitaji maabara. Mafuta huzama kwenye udongo wa chungu yakakaa humo mamia ya miaka. Tunakwangua unga kidogo, mashine inatuambia walijipaka nini. Nisipoleta majibu mwisho wa Juni, nafasi yangu ya masomo anapewa mwingine.

Mpe dereva wa basi. Usivitie kwenye kavera; mfuko wa plastiki huchafua vipimo. Na vitume vilivyo, mama, na tope lake!

Mwanao, Esperance

Bwera, 19 Februari 2014

Mutoto wangu,

Uko muzima? Unakula? Goti iko inauma tu, nimeizoea.

Vijungu ndio hivi. Ulisema nitume vilivyo. Ile tope, na wadudu! Nitume uchafu kwa mwalimu wa mutoto wangu, watu waseme mimi Kahambu ni mwanamuke gani? Nimesugua na majivu, nikarudia na sabuni na muchanga, nikaanika siku mbili. Mwisho nikapaka vaselini, sasa vinang'aa! Vasta wa dukani amenipa kavera mupya kabisa.

Salimia mwalimu. Mwambie tuko watu safi.

Mama yako

Kampala, 24 Februari 2014

Mama,

Nimefungua kavera nikakaa sakafuni nikalia. Nilikuambia nini? Mwalimu amenusa akauliza sabuni hii ni ya nani, na wenzangu wakacheka. Mvua na udongo vimeshindwa kuviharibu miaka yote hiyo, wewe umevimaliza asubuhi moja! Mbona husikii? Umenimaliza na mimi. Kweli kutosoma ni ugonjwa.

Esperance

Kampala, 12 Mei 2014

Mama yangu,

Hujambo? Nimepiga simu mpaka nimechoka, unazima. Vasta anasema uko mzima ila jina langu hutaki kulisikia.

Nisamehe. Lile neno la mwisho halikupaswa kutoka kwangu. Tumekwangua ndani kabisa ya udongo. Sabuni yako imeonekana, vaselini yako, hata jasho la mikono yako. Lakini chini ya hayo yapo mafuta ya zamani! Shida ni kwamba mashine haijui ni mafuta gani. Inataka chungu cha kulinganisha, ambacho mtu anajua kilitiwa nini na hakijaoshwa hata mara moja. Nimeuliza watu wa Kisinga, nimeuliza na wa Bugoye. Wote wameosha! Nitafanya nini, mama? Juni ndiyo hiyo.

Mwanao anayekuomba, Esperance

Bwera, 9 Juni 2014

Esperance,

Goti hukuuliza, nakuambia mwenyewe: iko mubaya.

Barua yako ya pili ya Februari haikuandikwa "mwanao" chini. Niliona. Darasa la tatu ilinitosha kusoma tusi. Asante ya punda ni mateke, nikasema basi, na simu nikazima. Hasira bado iko, usifikiri imeisha.

Lakini Juni imefika. Dereva atakupa kijungu kimoja, kimefungwa katika kitenge changu, hakuna kavera. Ndani ni siagi ya ng'ombe na mafuta ya mbarika, nilichanganya mimi na mikono yangu, kwetu Butembo, Kongo, mwaka 1988. Nilikupaka wewe ukizaliwa. Miaka miwili baadaye nikampaka ndugu yako Ezéchiel, siku zake zote kumi na moja.

Hiki sijakiosha. Kila mutu ananiuliza mbona Kahambu anayesugua mpaka mawe ameacha kijungu kichafu juu ya kabati. Sijawahi kumujibu mutu. Siku ya mwisho ya Ezéchiel nilimubeba huku kijungu kiko wazi, akatia mukono ndani. Mafuta yamekauka mpaka yamekuwa jiwe, na alama ya vidole vyake iko pale.

Mwanangu, kwangua upande ule mwingine.

Mama yako