Ulitukana Kila Kitu Changu, Ukaacha Gitaa

Yaya Ilunga, mukubwa wangu,

Leo sikusalimii. Moyo ungali unawaka, na weye unanijua, nikikasirika siwezi kuzunguka na maneno. Ulinidanganya, ukakufa mbele ya mi kukuuliza.

Kwenye kilio chako nilifanya kazi ya mutani, kama ukoo wetu na ukoo wenu banavyofanyiana tangu bankambo, babu zetu. Nilivaa kofia yako, nikalala chini mbele ya sanduku, nikakataa batu bakubebe mpaka banipe kuku. Bamama balicheka na machozi kwenye macho. Nikakutukana sawasawa: “Mumuone huyu! Maisha yote anapuliza harmonika kama mutu anapoza uji, na anakufa bila kuacha ata albamu moja! Alikuwa anangojea mi nimununulie pumzi!”

Hakuna aliyecheka. Binti yako Feza aliinama, akaniambia polepole, “Tata mudogo, albamu iko. Ilitoka akiwa hospitali. Hakukuambia?” Akaiweka mu spika.

Ilikuwa weye, siwezi kukosea. Vile unafunika mikro na harmonika pamoja mu mikono mbili mpaka ampli inanguruma. Ile muziki ya bluzi ya zamani ya umeme, tuliyojifunza shiye wawili kwenye santuri za klabu ya wafanyakazi, wenzetu bakicheza rumba na bakituita bawazimu. Halafu gitaa ikaingia. Yaya, ilikuwa gitaa yangu! Yale majibu yangu kwa harmonika yako, niliyoyatafuta kule kwako Manika, tukingojea umeme urudi. Lakini haikuwa mukono wangu. Ni kijana wa Lubumbashi, Feza akasema, safi, mwepesi. Nikaangalia mupiga ngoma wetu, akajifanya anatafuta kitu mu mufuko. Bote balijua. Mi peke yangu nimelala pale chini na kofia ya mutu. Nilipata haya sijawahi kupata.

Na haikuisha. Dada yako wa Dilolo alikuja kunipa pole, nikamuuliza kama karanga zangu zilikuwa tamu. “Karanga gani? Yaya hakufika kwetu.” Loo! Si ulisema dada anaumwa, unaenda kumuona? Si ni mi niliyekupeleka na pikipiki ya taxi-moto mpaka kituo cha basi, nikakufungia mufuko wa karanga? Dilolo ni upande wa jua kuzama, na weye ulienda upande wa jua kutoka, Lubumbashi, kwenye studio. Karanga zangu ulikula na huyo kijana. Aksanti sana.

Nilifikiri ulitaka jina peke yako. Nilikutukana mule mu nyumba mpaka bibi yangu, mama wa batoto bangu, akafunga dirisha.

Halafu, juma lililopita, niliweka albamu nikachukua gitaa nikufuate. Nikashindwa. Tangu ile ugonjwa ya kupooza ilinishika upande wa kushoto, bidole binakuja nyuma. Nafika, wimbo umeshapita. Nikarudia, nikarudia tena. Bibi yangu alikuwa anatwanga majani ya sombe, akaacha. Akaangalia bidole byangu.

Njo pale nilikumbuka. Weye ulitukana kila kitu changu: meno, bukari tunayokula nyumbani kwangu, ndoa yangu, eti bibi alinikubali juu ya huruma. Na gitaa uliitukana, “unapiga kama mutu anajikuna upele.” Nilipotoka kitandani na ule ugonjwa, gitaa ukaacha kuitukana. Kila tukimaliza kupiga, “Iko muzuri, ndugu yangu.” Iko muzuri! Na mi mujinga narudi nyumbani nacheka, naambia bibi, leo Yaya amekosa tusi. Kumbe mutani akikunyamazia, ameshakuzika.

Sikulilii juu ya yule kijana. Hana kosa, anapiga vizuri, Mungu amusaidie. Nalia juu ya weye. Bibi yangu hawezi kuniambia kitu kama kile, batoto bangu habawezi, mupiga ngoma anaogopa. Mu Kolwezi yote, mutu mwenye ruhusa ya kunisema mu uso ni weye. Ungesema, “Weye kilema, bidole byako binatembea kama mukokoteni,” ningekasirika, ningelia, halafu ningepanda basi na weye mpaka Lubumbashi, nikae kwenye kiti nikusikilize. Hicho kiti njo kilichoniuma. Ulininyima ata kukaa.

Jana Feza alikuja. Siku ya kuondoa kilio, kumaliza matanga, wataipiga albamu yote, kijana anakuja, na mi nimewekewa fasi ya mbele, ya heshima. Nilimuambia hapana. Alifikiri sitakuja.

Nitakuja, Yaya. Nakuahidi. Nitachomeka gitaa yangu mu ampli na nitapiga wimbo wa kwanza na hii mukono, vile iko. Nitachelewa. Batu bote batasikia vile nachelewa, na nitabaambia bacheke kwa nguvu, mutu asinifichie tena. Kijana anaweza kuningojea ama kuniacha, shauri yake.

Sijakusamehe, na nakukumbuka kila siku, yote mbili ni kweli. Lala salama, muongo weye. Na siku ile, fasi yoyote uko, ukinisikia nakosa, nitukane.

Mutani wako,
Kalumba