Nyongeza ya Paa la Bi Hollis

Garland, Teksas, 14 Mei

Baba,

Shikamoo. Kifua kinaendeleaje? Mimi mzima, magoti tu yanagoma.

Dada Dilcia ameniambia upepo umeng'oa mabati yote ya nyumba yetu. Tafadhali usipande juu. Nitakuja kuezeka mwenyewe.

Huku mvua ya mawe imetoboa mapaa ya mtaa mzima. Kwa Bi Hollis, mjane mmoja, tulipobandua vigae tulikuta mbao za chini zimeoza, unazitoboa kwa kidole. Mkaguzi wa bima hakuziona, kwa hiyo hazimo kwenye makadirio yake. Bosi wetu Rigo ameomba bima iongeze. Nyongeza ikipita atatulipa, nami napanda basi kuja nyumbani siku hiyohiyo.

Mwanao,
Nahún

Gualaco, 2 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Kifua kinakoroma kama punda wa jirani Chepe. Nimefunga nailoni juu ya kitanda, lakini maji yanajua njia.

Chepe alikuja na nyundo yake. Nikamwambia, "Rudi kwako, ninaye fundi, tena wa Teksas." Akacheka: "Fundi wako anaezeka kwa barua, mzee?"

Huyo mkaguzi si apande tu, akazione hizo mbao?

Baba yako

Garland, 20 Juni

Baba,

Shikamoo. Natumaini umeamka salama.

Hazionekani tena. Siku ile wingu jeusi lilitanda ghafla, Bi Hollis akatoka amembeba mbwa wake: "Nahún, mwanangu, kitanda changu kitalowa?" Nikapigilia mbao mpya upesi, nikafunika. Sikupiga picha. Katika kazi hii, ubao ukifunikwa bila picha, kwa bima haukuwahi kuoza. Nazo mbao mbovu zilikwenda na gari la taka.

Bima imekataa. Rigo kanifokea mbele ya wenzangu: "We nimekuajiri uezeke au uwe mtakatifu?" Ameomba tena, kwa risiti za mbao mpya.

Baba, mwache Chepe aezeke. Nakusihi.

Mwanao,
Nahún

Gualaco, 5 Julai

Mwanangu,

Marahaba. Ulifanya vyema kumfunika yule mama. Ungemwacha alowe kwa ajili ya picha, ningekuchapa na uzee wangu huu.

Lakini Chepe simtaki. Nimeshamtangazia kila mtu kwamba unakuja. Leo mvua imekatika na ngazi yako ya zamani bado imara. Nitapigilia mabati mawili tu, hapo juu ya kitanda. Mengine nakuachia wewe.

Baba yako

Garland, 23 Julai

Baba,

Shikamoo, hata hivyo.

Barua yako imefika leo. Dilcia alinipigia simu zaidi ya wiki mbili zilizopita, kwa hiyo nimeisoma nikijua. Anasema bati la kwanza ulilimaliza. La pili ulianguka nalo.

Bima imekataa tena. Sikupata hata nauli ya kuja kukuzika.

Asubuhi mvua ilinyesha, nikapita kwa Bi Hollis. Alinishika mkono, akanionyesha dari. "Kavu kabisa, mwanangu." Nikamwambia vizuri.

Kesho Chepe anaezeka, Dilcia apate kulala pakavu. Nimemwambia asiling'oe bati lako. Na nimemwomba Dilcia alipige picha kwanza, kabla halijafunikwa na mengine.

Mwanao,
Nahún